Ada ya maegesho Diani: Kabla ya kulipa, uliza ardhi ni ya nani

MSAFIRI anayetoka Mombasa kwenda Diani halazimiki tena kupanga foleni ya feri ya Likoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mwaka wa 2024, ufuo wa Kwale umekuwa karibu zaidi na watu wa bara, na kila msimu wa sikukuu magari humiminika Tiwi, Ukunda na Msambweni.

Neema hiyo imeandamana na mgogoro ambao wengi huuona mdogo, nao ni wa maegesho. Tuchukue mfano wa dereva anayeacha barabara ya lami na kushika njia ya mchanga ipitayo kati ya kuta za majengo mawili. Kabla hajayaona maji, anakuta kamba imefungwa kati ya minazi miwili na kijana anamtaka Sh200. Akiuliza malipo ni ya nani, anaambiwa uwanja una mwenyewe. Akitaka kumjua mwenyewe, anaambiwa hayupo.

Aghalabu dereva hulipa. Watoto wamechoka, jua ni kali, na Sh200 si pesa za kugombania. Hata hivyo, swali alilouliza lilikuwa la haki, na jibu lake lina uzito kuliko kiasi anachotozwa. Njia inayofungiwa gari la mgeni leo ndiyo anayoitumia mvuvi wa Mwaepe au Mkunguni kufikia chombo chake, na ndiyo anayopitia mama karanga kwenda kununua samaki.

Nani ana mamlaka ya kutoza?

Sheria inatambua aina mbili za malipo ya maegesho. Ya kwanza ni ile ya serikali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka kazi ya maegesho mikononi mwa kaunti, na kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa bila sheria. Anayekusanya kwa niaba ya Kaunti ya Kwale anapaswa kuwa na kitambulisho, na risiti yake iwe ya kaunti.

Aina ya pili ni malipo ya mtu binafsi. Mwenye ardhi ana haki ya kumtoza anayeegesha katika uwanja wake, kama zifanyavyo hoteli na maduka makubwa. Haya ni mapatano baina ya watu wawili: mmoja anatoa nafasi, mwingine anaikubali kwa bei aliyotangaziwa. Mtu binafsi hana uwezo wa kumpiga mwenzake faini. Anayefunga gurudumu kwa mnyororo kisha akadai maelfu kama adhabu amejitwalia kazi ya hakimu.

Kwa hivyo, hoja yote ya mtozaji binafsi inasimama juu ya nguzo moja: kwamba ardhi ni yake, au ametumwa na mwenyewe. Nguzo hiyo ikiyumba, hata ada huyumba.

Kuna kosa moja ambalo watetezi wa umma hulifanya. Wao husema ufuo wote ni wa wananchi, basi hakuna wa kutoza. Ni kweli kwamba kifungu cha 62 cha Katiba kinaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, pamoja na barabara na njia zote zilizowekwa kisheria. Lakini gari haliegeshwi majini. Huegeshwa juu ya alama ya maji kujaa, na hapo panaweza kuwa na hatimiliki halali ya mtu. Suala ni kama kipande hicho ni kiwanja, ni njia, au ni sehemu iliyotengwa kwa umma wakati wa upimaji.

Mizizi ya utata

Kwamba swali hilo ni gumu kujibiwa Kwale si ajabu. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa pwani kuwasilisha madai yao, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wadigo wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walijikuta wageni kwao. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni viligawiwa watu wenye ukaribu na serikali, na baadhi yao hawakuwahi kuishi huko.

Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka wa 2003 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo barabara na misitu, ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini. Ilipendekeza hati nyingi zifutwe. Mengi ya mapendekezo hayo yalibaki kwenye makabrasha.

Matokeo yake ni kwamba katika njia moja ya kwenda baharini huenda ukakuta madai matatu: ya mwenye hatimiliki aliye mbali, ya wenyeji waliokaa hapo vizazi na vizazi, na ya umma ambao ramani iliwaachia mapito. Yule mwenye kamba huenda si mmoja wa watatu hao.

Funzo kutoka Nyali

Kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, mgogoro wa aina hii umekwisha kuamuliwa. Mwaka wa 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia katika kiwanja kimoja cha Nyali na kubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hatimiliki, ilienda mahakamani. Kiwanja hicho kiligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1989, kisha kikauzwa hadi kikaifikia kampuni hiyo.

Dina ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ikahitimisha shauri. Majaji walisema kiwanja kilikuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi la umma, na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria. Kwa kuwa chanzo kilikuwa na kasoro, mnunuzi wa baadaye hakuweza kujikinga kwa hatimiliki, hata kama alilipa pesa zake kihalali.

Hukumu hiyo haimpi mwananchi ruhusa ya kukata kamba wala kubomoa ua. Inachompa ni haki ya kuuliza, na inamwambia kwamba karatasi si mwisho wa maswali.

Risiti kama ushahidi

Kuna jambo jingine ambalo mlipaji hulisahau. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, anayekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Mtu aliyezungushia uwanja kamba, akaweka mlinzi na kutunza vitabu vya risiti mwaka baada ya mwaka, anajikusanyia ushahidi wa kuukalia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa ardhi ya umma sheria imeufunga mlango huo. Lakini mazoea yana nguvu zake. Kamba hugeuka ua, ua hugeuka ukuta, na kizazi kinachofuata hukua kikiamini kwamba hapajawahi kuwa na njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta huo utajengwa na mwingine.

La kufanya

Dereva asigombane na kijana wa kamba. Wengi wao ni vijana wa Ukunda wasio na ajira, na kulinda gari la mtu ni kazi inayostahili ujira. Aulize mambo matatu: jina la aliyemtuma, namba ya kiwanja, na risiti. Akilazimika kulipa, aandike juu ya risiti kwamba analipa bila kukubali dai la umiliki. Akinyimwa risiti, apige picha ya mahali na kuandika tarehe na saa.

Akiwa na namba ya kiwanja, anaweza kuomba upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi ya Kwale, na ramani ya upimaji itaonyesha kama pale ni kiwanja au ni njia. Ikibainika kuwa ni njia, malalamiko yapelekwe kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mzozo wa umiliki ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini si haki kumtwika mzigo huo mtu aliyekuja kuogelea. Ramani ziko serikalini, na Kaunti ya Kwale inaweza kuzichapisha, kupima upya kila njia ya kwenda baharini kuanzia Tiwi hadi Msambweni, na kusimika vibao vinavyoonekana. Penye uwanja halali wa mtu, kibao kitamlinda mwenyewe dhidi ya matusi ya wageni. Penye njia ya umma, kitamlinda mvuvi na mama karanga. Vijana nao wapewe vibali na sare, wakusanye ada kwa niaba ya kaunti mahali palipotengwa, nao walipwe.

Hadi hayo yatimizwe, wajibu wa kuuliza umebaki kwa anayetoa pesa mfukoni. Sh200 zaweza kuwa bei halali ya kivuli na ulinzi. Zaweza pia kuwa mchango wa umma katika kununuliwa kwa njia yao wenyewe.