Kurudi Nako ni Safari

Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani kusoma. Tangu hapo wengi wamefuata. Safari ya kwenda husifiwa sana. Ya kurudi haisemwi.

Jamaa yangu mmoja alikaa ng'ambo miaka sita. Aliporudi alipokewa kwa vigelegele. Jioni alisema kwamba moshi wa kuni wamuumiza macho. Kesho yake alimkuta mama yake akipika nje, mvuani. Hakulaumiwa, naye aliona haya kuliko kama angalikemewa. Akamrudisha mama jikoni, akaketi kigodani kando yake, machozi yakimtoka.

Ndugu zangu, elimu ya ng'ambo ni mali. Lakini arudiye na akubali kuwa mwanafunzi tena, kwao.