Anayeonyesha Ufa Siye Mwizi

Kila mara gazeti linapoandika kwamba lango fulani halilindwi ipasavyo, au kwamba askari wa zamu hawana vifaa, wakubwa hukasirika na kusema: "Mmewafundisha maadui njia ya kuingilia." Wapo pia wanaoshikilia kwamba mwananchi ana haki ya kujua kila kitu, wakati wowote. Wanafunzi wangu, kauli zote mbili zina kasoro. Hata hivyo, hazina uzito sawa. Katika nchi zetu, kauli ya kwanza ndiyo iliyotudhuru zaidi, nayo ndiyo ninayotaka kuipinga leo.

Tuanze mbali. Mwezi Novemba 2003, gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilitoa habari za mwandishi wake, Ryan Parry, aliyeajiriwa kuwa mtumishi katika jumba la Buckingham na kukaa humo kwa miezi miwili. Habari hizo zilitoka wakati Rais George W. Bush wa Marekani alipokuwa mgeni wa Malkia. Parry hakuruka ukuta wala hakuvunja kufuli. Aliomba kazi, akapewa. Je, ilikuwa haki kuyaandika hayo? Naam, kwa sababu yalifichua kwamba waombaji kazi hawakuchunguzwa vya kutosha, kosa ambalo lingeweza kugharimu maisha. Lakini gazeti halikuishia hapo. Lilichapisha pia picha za ndani ya jumba na za meza ya kifungua kinywa ya Malkia. Picha hizo hazikumlinda mtu yeyote. Zilikuwa za kuuzia gazeti tu. Malkia alikwenda mahakamani, na mahakama ikazuia habari zaidi za namna hiyo kutolewa. Habari moja, basi, ilibeba wema na ubaya pamoja, na msomaji makini hana budi kuvitenga.

Upo pia mfano ambao siwezi kuutetea hata kidogo. Tarehe 9 Januari 2015, mtu mwenye silaha aliwateka wateja katika duka la Hyper Cacher jijini Paris. Baadhi ya watu walijificha chini, katika chumba cha baridi. Mtekaji akiwa bado ndani ya duka, kituo cha televisheni cha BFMTV kilitangaza kwamba kulikuwa na mtu aliyejificha humo. Hapo hapakuwa na ufa ulioonyeshwa ili uzibwe. Palikuwa na roho za watu zilizowekwa hatarini ili kituo kiwe cha kwanza kusema.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Septemba 2013, magaidi walivamia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuwaua watu 67. Mwezi uliofuata, televisheni ya KTN ilionyesha picha za kamera za usalama, ambamo askari walionekana wakitoka na mifuko dukani katika siku za uvamizi ule. Wakati huo mapigano yalikuwa yamekwisha, hivyo hapakuwa na mateka wa kuhatarishwa. Hata hivyo, mkuu wa polisi aliwatishia waandishi kwa kukamatwa. Siku chache baadaye, jeshi lenyewe likatangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa sababu ya wizi. Niulize basi: ni nani aliyeudhoofisha ulinzi, aliyeiba au aliyemwonyesha mwizi?

Mwaka huohuo nchini Uganda, mwezi Mei, polisi walizifunga ofisi za gazeti la Daily Monitor kwa siku kumi, wakiitafuta barua ya Jenerali David Sejusa. Barua hiyo ilitaka uchunguzi ufanywe juu ya madai ya njama ya kuwaua baadhi ya viongozi. Badala ya kuyachunguza madai, wakubwa walilichunguza gazeti. Na Desemba 2014, Kenya ilitunga sheria ya usalama iliyowabana waandishi wanaoripoti habari za ugaidi. Februari 2015, Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari.

Watetezi wa usiri husema: "Adui naye anasoma magazeti." Ni kweli, lakini adui halitegemei gazeti. Anayepanga kushambulia soko hulitembelea, huhesabu askari, huona ni saa ngapi lango linaachwa wazi. Asiyejua ni mama anayekwenda sokoni na mtoto mgongoni, akiamini kwamba analindwa. Tukinyamaza, tunamficha siri yule mmoja tu aliyestahili kuijua.

Kwa hiyo simwombi mhariri aandike kila kitu. Namwomba ajiulize maswali matatu. Je, udhaifu huu unawahusu wananchi, au unanogesha habari tu? Je, wenye dhamana wameambiwa kwanza na kupewa muda wa kurekebisha? Je, habari inaweza kueleweka bila kutaja saa, njia na jina la mlinzi? Kusema kwamba mlango ni mbovu ni wajibu. Kuchora ramani ya kuufikia usiku si wajibu. Na ofisa aliyeonywa mapema, akaiweka barua kabatini, hana tena haki ya kulalamika siku habari inapotoka.

Neno "usalama" limetokana na "salama", yaani kuwa mbali na madhara. Hakuna kamusi inayosema kwamba usalama ni hali ya mkubwa kutoona haya. Mtakaposikia neno hilo likitumiwa kumnyamazisha mwandishi, ulizeni ni nani hasa anayelindwa: ni watu, au ni cheo? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi kabla haujaonwa, na anayeuonyesha mchana, mbele ya wenye nyumba wote, siye mwizi. Mwizi angeukalia kimya.