Daftari la Wiki: Jaji Aliyepisha Kiti

Juma hili lina tarehe 28 Aprili, siku aliyofariki Jaji Augustino Stephen Lawrence Ramadhani mwaka 2020. Alifia katikati ya korona, wakati Watanzania walikuwa wakizika haraka na kwa uchache, matanga yakiwa ya watu wachache. Waliomjua wakalia kila mmoja kwake. Naamini kilio hicho hakikwisha, na daftari la juma hili, ninaloliandikia Kilambo, mpakani mwa Mtwara na Msumbiji, sehemu kubwa nampa yeye.

*

Kwanza ya hapa. Kusi imeanza kuingia, masika bado haijaondoka, na Ruvuma umejaa tope la bara. Mto huu karibu na bahari haumsikilizi mtu. Mafungu ya mchanga yanahama, mkondo wa mwaka jana mwaka huu ni kichaka, na kivuko huvizia maji kujaa ndipo kivuke kwenda Namoto, upande wa Msumbiji. Wenye mitumbwi nao wana saa zao. Kijana akikwambia "subiri maji, mzee", usibishane naye, anaujua mto kuliko ratiba iliyobandikwa ukutani.

Mpaka unaopita humu mtoni uliwekwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuoga maji yake. Mwaka 1894 Wajerumani waliuteka upande wa kusini wa mdomo wa mto, ule mji wa Kionga na ardhi yake, wakauingiza katika koloni lao. Mwaka 1916, vita ikiendelea, Wareno wakaurudisha kwao, na mikataba ya baada ya vita ikathibitisha. Kwa hiyo yapo mashamba hapo ng'ambo ambayo katika umri wa mtu mmoja yalikuwa ya Wareno, yakawa ya Wajerumani, yakawa ya Wareno tena, na mwenye shamba hakuhama hata hatua moja. Wamakonde wa huku na wa kule wanaoana, wanazikana, wanadaiana mahari.

*

Kwa nini basi Jaji wa Zanzibar akumbukwe Kilambo? Kwa sababu maisha yake yote aliyaishi akivuka. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, mtoto wa baba mwalimu na mama mwalimu. Akasoma Bara, akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970. Akaingia jeshini, akapanda hadi Brigedia Jenerali. Kati ya mwaka 1980 na 1989 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha akavuka tena kuja Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwaka 2001 akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2007 akateuliwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2010 akaingia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo akaiongoza kama Rais wake kuanzia 2014 hadi 2016. Baada ya kustaafu ujaji mkuu alipokea daraja la ukasisi katika Kanisa Anglikana.

Mkristo mwenye jina la Ramadhani, Mzanzibari aliyeaminiwa Bara, mwanajeshi aliyekuwa jaji, jaji aliyekuwa padri. Pwani yetu watu wa namna hii hawashangazi sana, ila ni wachache wanaobeba yote hayo bila kuliacha moja liyale mengine.

*

Sasa jambo lenyewe ninalotaka kulisema, na nitakaa hapa kidogo.

Mchungaji Christopher Mtikila alidai kwa miaka mingi kwamba Mtanzania aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimkubalia. Bunge likabadilisha Katiba ili kuufunga mlango huo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia mara ya pili. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba, likiongozwa na Jaji Mkuu Ramadhani, likatoa hukumu: suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, si la kisheria, na wa kuliamua ni Bunge. Mtikila akashindwa.

Wako wanasheria ambao hadi leo hawajaisamehe hukumu ile. Mimi nami naona mahakama ilijinyima nguvu yake yenyewe. Haki ya raia ikishaandikwa katika Katiba haiwezi kugeuka siasa pale serikali inapoona taabu kuitekeleza. Lakini anayeisoma hadi mwisho atakuta kwamba majaji hawakufunga faili na kuondoka. Walitoa neno la ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Bunge, wakiwaelekeza kwenye msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kwamba haki ya kugombea isifungwe kwa kumlazimisha mtu awe mwanachama wa chama. Walisema kwamba si wao wa kuupanua mlango, ila wakamwonyesha mwenye mlango pale bawaba zilipo.

Mtikila hakukata tamaa. Yeye, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaipeleka nchi katika Mahakama ya Afrika, ileile ambayo Ramadhani alikuwa amekwisha kuwa jaji wake. Kanuni inasema jaji hasikilizi shauri linaloihusu nchi yake. Akapisha. Wenzake wakaketi, wakasikiliza, na tarehe 14 Juni 2013 wakaamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kutoa hukumu juu ya kiini cha shauri na kuona haki zimevunjwa. Yaani hukumu iliyoandikwa chini ya uongozi wake Dar es Salaam ilipingwa na mahakama aliyokuwa akiitumikia Arusha, na yeye akabaki palepale. Hakujiuzulu, hakununa hadharani, na mwaka uliofuata wenzake haohao wakamchagua awe Rais wao.

Na kuna la tatu, ambalo watu hulisahau. Wakati huohuo alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya kwanza ya Tume ilitoka tarehe 3 Juni 2013, siku kumi na moja kabla ya hukumu ya Arusha. Ndani yake mgombea binafsi aliruhusiwa. Aliyesema mwaka 2010 kwamba hili si la mahakama bali la watu na Bunge lao, alipopewa kazi ya kukusanya maoni ya watu aliyakusanya na kuyaandika. Ukizitazama kurasa hizi tatu kwa pamoja utamwona mtu aliyejua kiti alichokalia siku ile kinamruhusu nini. Unaweza kubishana naye juu ya mipaka ya kiti, kama nibishanavyo mimi. Huwezi kusema alikikalia kwa faida yake.

*

Mwaka huohuo 2013 Mtwara ilikuwa inawaka. Tarehe 22 Mei, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa, vurugu za gesi zilizuka mjini, na jeshi likaingia mitaani. Watu walikuwa wakiuliza gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982 huku Msimbati, inapelekwa wapi na kwa idhini ya nani. Rasimu ya Katiba ikatoka wiki mbili baadaye. Nimekutana na wazee wa huku wanaoyakumbuka yote mawili kama jambo moja, na sidhani wamekosea, kwa kuwa swali lilikuwa moja: nani anaamua, na aliyeamuliwa atamwendea nani. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, kura ya maoni ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa.

*

Fupi. Novemba 2006, Mahakama ya Afrika Mashariki, Ramadhani akiwa mmoja wa majaji watano, iliwazuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki kwa sababu hawakuchaguliwa kama Mkataba unavyotaka. Kabla mwaka haujaisha, wakuu wa nchi walikuwa wameubadilisha Mkataba na muundo wa mahakama. Machi 2007 majaji walitoa hukumu ya mwisho vilevile walivyoona sheria inasema. Hilo linahitaji moyo.

*

Masasi, Newala na pwani hii zimefungamana na kanisa lake tangu zamani. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, waliokuwa na makao Zanzibar, walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu walioachiwa kutoka utumwani. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa ukasisi mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, huku kusini. Alihubiri, akafundisha, akaamua magomvi ya watu, kwa kuwa padri wa zamani alikuwa hakimu pia. Nikimfikiria Jaji mstaafu akivaa kanzu ya padri naona ile kazi ya zamani imekamilika kwa njia ya kurudi nyuma: Majaliwa alianza na altare akafika kwenye baraza la wazee, Ramadhani alianza mahakamani akafika altareni.

Nyumbani alikuwa mume na baba, na mpiga kinanda. Watu wa kanisani wanamkumbuka mbele ya kinanda kama wanasheria wanavyomkumbuka mbele ya faili. Hili nalipenda kuliko vyeo vyote nilivyovitaja. Mtu aliyeishi kati ya Unguja, Dar es Salaam na Arusha, aliyeitwa kila mahali "Mheshimiwa", aliona Jumapili ina nafasi ya kuwasindikiza wengine waimbe.

*

Alhamisi nilikaa barazani na mama mmoja mwenye kesi ambayo kwa sheria si kesi bado. Mama yake mzazi alizaliwa ng'ambo na kuacha mikorosho huko. Kwa desturi ya Wamakonde, mambo ya ukoo yanapita upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mjomba yupo kule, ana karatasi za Msumbiji. Mama huyu ana kitambulisho cha taifa cha Tanzania, cha NIDA. Anataka kujua: mikorosho ni yake?

Nilimweleza ninachokijua. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimpi asiye raia umiliki wa shamba la kijiji. Msumbiji nako ardhi ni ya dola, ila sheria yao ya mwaka 1997 inaitambua haki ya anayelima kwa mila, na ya raia wao aliyetumia ardhi kwa nia njema kwa miaka kumi. Kwa hiyo mjomba ana mahali pa kusimama, mama huyu mkononi ana neno la ukoo tu. Akasema, "Basi mwanangu, mto umenigawa." Kisha akaniuliza kama kuna mahakama ya kule na huku kwa pamoja.

Nilipata taabu kumjibu. Mahakama ya Afrika Mashariki haimfikii mjomba, Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo. Nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, na SADC ilikuwa na Mahakama yake Windhoek. Wakuu wa nchi waliisimamisha mwaka 2010 baada ya kuiamulia Zimbabwe vibaya katika kesi za mashamba. Ikabaki Mahakama ya Afrika. Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu raia wake waende huko moja kwa moja mwaka 2010, na Novemba 2019 ikatangaza kulifuta. Jaji Ramadhani alikuwa hai siku hiyo, na miezi mitano baadaye akafa. Msumbiji haimo katika orodha ya nchi zilizotoa tamko hilo.

Lile la kufuta tamko linaniuma. Mahakama ina makao yake Arusha, kwenye ardhi yetu, Watanzania wawili wameiongoza, mashauri mengi yaliyoifikia yalitoka kwa Watanzania, na wengi wao ni wafungwa waliojiandikia wenyewe. Tukaufunga mlango wa nyumba tuliyowapa wageni kiwanja. Na huku mpakani si nadharia. Kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa na waasi Oktoba 2020, Palma ya ng'ambo ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021, na watu waliuvuka mto huu wakiwa na watoto migongoni, wengine wakarudishwa. Mtu wa namna hiyo, akiona amedhulumiwa na dola yoyote kati ya hizi mbili, aende wapi?

*

Kwa yule mama tumepata njia ndogo. Mjomba anakubali kuja bamvua lijalo, kivuko kikipata maji, wakae mbele ya wazee wa pande zote na msaidizi wa kisheria kutoka Mtwara. Wataandika makubaliano ya mavuno, si ya ardhi: magunia mangapi ya korosho yavuke kila msimu, na nani asimamie mizani. Nimewaomba wayaandike kwa Kiswahili na Kireno, nakala mbili. Mzee mmoja ameuliza atasaini nani kwa niaba ya marehemu aliyeiacha mikorosho. Hilo bado linajadiliwa.