Lexus ya gundi, shangingi la kodi yako

HIVI, kijana mwenzangu, umewahi kumwona mtu akitoa pesa mfukoni ili ajidanganye mwenyewe? Mimi nimemwona, tena kwa macho yangu haya, kwenye gereji moja pale Mabatini. Kijana wa rika lako, mchuuzi wa dagaa wa mwaloni Kirumba, kajibana miaka mpaka kapata Harrier. Hongera yake! Lakini siku hiyo hakuleta gari lifanyiwe sevisi. Kaleta kipakiti kutoka duka la spea, ndani mna nembo ya Lexus na herufi RX 300. Eti fundi ang'oe yule ndege wa mbele, abandike Lexus. Gundi ikapakwa, pesa ikatolewa, jamaa akaondoka zake kuelekea Capri Point kutesa.

Fundi akafuta mikono, akaniangalia. "Kaka, ile ni 2AZ," akasema, akacheka mpaka akakalia tairi.

Kwa wale wasiofungua boneti: 2AZ ni injini ya silinda nne, cc 2,362. RX 300 ya kweli inatembea na V6 ya lita tatu. Kwa hiyo mgongo wa gari unasema hili na injini inasema lile! Siku ukienda kununua usisome mgongo, soma namba ya chesisi. Harrier ya kuanzia 2003 ikianza na ACU ni silinda nne, ikianza na MCU ni V6. Dalali hatakwambia hayo.

Lakini tusimcheke sana mwenzetu. Mchezo wa kubandika haukuanzia Mabatini, walioanza ni wenye viwanda. Mwaka 1981 Japani, ikibanwa na Marekani, ilikubali kuweka kikomo cha idadi ya magari inayouza huko. Sasa kama idadi imefungwa, faida utaipata wapi? Kwa kuuza gari ghali zaidi. Tatizo likawa jina. Mmarekani tajiri alikuwa anaijua Toyota kama gari la mwalimu na karani, la bei nafuu lisilokunywa mafuta. Nani angemuuzia Toyota ya dola 35,000 kando ya Mercedes? Honda wakatangulia mwaka 1986 na jina la Acura. Mwaka 1989 Toyota wakaja na Lexus, Nissan na Infiniti. Jina jipya, maduka mapya, wauzaji wenye tai. Kule nyumbani Japani gari lile lile la Lexus LS 400 liliuzwa kwa jina la Toyota Celsior, na wenyewe wala hawakuona aibu. Lexus ilifunguliwa rasmi Japani mwaka 2005 tu.

Ndiyo maana Harrier iliyotoka Japani Desemba 1997 ilipofika Marekani ikaitwa Lexus RX 300. Altezza unayoiona Nyamagana ikiunguruma usiku, nje ni Lexus IS. Windom ni Lexus ES. Prado ya mwaka 2002 ni ndugu wa Lexus GX 470. Land Cruiser 100 ni LX 470. Sisemi hakuna tofauti kabisa. Lexus inaongezewa ngozi, vikorombwezo na huduma ya kubembelezwa dukani. Lakini mama yao ni mmoja. Wajerumani nao hawako mbali: Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne zilitoka mwaka mmoja, 2002, zikiwa na msingi mmoja chini, na bei mbili tofauti juu. Na wewe mwenye Harrier ya 2013, ile tunayoiita Anaconda, gundi yako haina hata kisingizio, maana kufikia hapo Harrier na RX zilishaachana, kila moja na njia yake.

Sasa njoo kwetu uone kioja. Marekani Lexus LX iko juu ya Land Cruiser. Mwanza mambo ni kinyume. Pita na Lexus yako Barabara ya Kenyatta, watu watakutazama mara moja waendelee kumenya machungwa. Ipite Land Cruiser nyeupe yenye namba zinazoanzia na ST, daladala zinapanda kando na trafiki anasimama wima. Ukubwa huo hakuutengeneza Toyota. Umetengenezwa na mnunuzi wake mkuu, ambaye ni serikali, kwa pesa yako!

Wazee wetu waliwaita Wabenzi, kwa sababu ya Mercedes. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likajaribu kuwabana viongozi, Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likawafungulia. Zikaja Pajero, zikaja Land Cruiser, na mtaa haukukosa jina: shangingi. Neno lenyewe unajua lilikuwa la nani kabla halijawa la gari. Watu hawakulichagua kwa bahati mbaya.

Na ukitaka kujua kwamba ni jina tu linaloliwa, tazama hili. Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 ilitoka bila injini ya V8, ni V6 tupu. Lakini wapo wanaoiita V8 hadi leo, kwa sababu V8 kwetu si injini tena, ni cheo.

Wewe unayeendesha bodaboda kutoka Buhongwa, kila lita unayojaza ina kodi ndani yake. Kodi hiyo ndiyo inayojaza tenki la shangingi, inamlipa dereva, inanunua tairi. Wakati huo huo kule juu ya mawe ya Igogo kuna nyumba zisizofikiwa na gari la aina yoyote, liwe Vitz au shangingi. Mheshimiwa akitaka kufika huko atavua viatu apande kwa miguu kama wapiga kura wake. Hivi diwani wako umeshamuuliza halmashauri ina magari mangapi ya aina hiyo, na yanakunywa lita ngapi kwa mwezi? Muulize kwenye mkutano wa mtaa, mbele za watu, adai hesabu hiyo kwenye baraza na akuletee kwa maandishi.

Yule jamaa wa dagaa nilimwona tena majuzi, kapaki pale mwaloni, magunia yamejaa nyuma mpaka kwenye kioo. Herufi ya kwanza imeshadondoka, sasa ni X 300. Nikamwonyesha. Akasema, "Bro, acha tu. Nilikuwa nimepaki kando kupisha msafara, konda akaipitia na begi."