Kosa la pauni 20,000 lililomeza benki nzima

Mwezi Februari mwaka 1995 benki ya Barings ya London ilikufa. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1762, imevuka vita na misukosuko ya kila namna, na Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa miongoni mwa wateja wake. Siku chache baada ya kutangazwa muflisi iliuzwa kwa kampuni ya ING ya Uholanzi kwa bei ya pauni moja, mnunuzi akibeba na madeni yake. Aliyeiangusha ni kijana mmoja, Nick Leeson, aliyetimiza miaka 28 akiwa mafichoni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na mwaka 1999 kilitengenezewa filamu. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha laghai aliyewazidi akili mabwana zake. Safu hii haikubaliani na maelezo hayo. Leeson alidanganya, na alifungwa kwa hilo. Lakini uongo wake ulikuwa mdogo mno mwanzoni kuweza kuua hata duka la rejareja. Uliokuzwa ni uongo, na waliokuwa wakiumwagilia maji ni wakubwa waliopenda faida kuliko kupenda kujua faida imetoka wapi. Mfanyabiashara mdogo na mwenye hisa chache ana la kujifunza hapa, kwa sababu bili ya mwisho ilimfikia mtu wa aina yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Leeson alipelekwa Singapore mwaka 1992 kusimamia biashara ya Barings katika soko la SIMEX. Bidhaa yake ilikuwa mikataba ya bei za baadaye. Mfano wake ni mnunuzi wa mahindi anayekubaliana leo na mkulima bei ya gunia litakalotolewa miezi mitatu ijayo. Bei ikipanda, mnunuzi amefaidi. Ikishuka, amepata hasara. Mikataba ya Leeson ilihusu zaidi Nikkei 225, yaani kipimo cha bei za hisa za Japani. Mikataba hiyo hiyo iliuzwa Osaka na Singapore, na mara nyingine bei zilitofautiana kidogo. Kazi aliyoambiwa afanye ni kununua penye bei ya chini na kuuza penye bei ya juu kwa wakati ule ule. Ni kama kununua machungwa Tanga ukiwa tayari una mnunuzi Kariakoo. Faida yake ni ndogo, na hatari yake ni ndogo vile vile. Lishike hilo, maana litatufaa mbele.

Hata kabla ya kuanza kazi palikuwa na uongo wa karatasi. Mamlaka za London zilikuwa zimegundua kwamba katika maombi yake ya leseni Leeson hakutaja hukumu ya mahakama iliyomdai deni dogo. Maombi yale yakaondolewa kimya kimya. Alipojaza fomu nyingine Singapore aliliacha deni lile lile nje, na mwajiri wake hakusema neno. Kijana akajifunza kwamba fomu haisomwi.

Mwezi Julai mwaka 1992 ilifunguliwa akaunti ya kuwekea makosa madogo ya ukumbi wa soko. Makosa hayo ni ya kawaida: watu wanapiga kelele, wanaonyesha ishara kwa mikono, na mtu anaweza kuuza alipotakiwa kununua. Akaunti ilipewa namba 88888, kwa kuwa nane kwa Wachina ni namba ya bahati. Kwa masimulizi ya Leeson mwenyewe, mfanyakazi mpya aliuza mikataba 20 ya mteja badala ya kuinunua. Hasara ilikuwa kama pauni 20,000. Kulikuwa na njia ya wazi: kupiga simu London, kueleza, kusemwa, na kulipa. Pengine yule mfanyakazi angefukuzwa na Leeson angepoteza sifa yake changa. Akaitumbukiza hasara ndani ya 88888, akaagiza programu ya kompyuta irekebishwe ili akaunti hiyo isionekane katika taarifa kuu zinazokwenda London.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama namna ukuta ulivyopanda. Mwisho wa mwaka 1992 hasara iliyofichwa ilikuwa pauni milioni 2. Mwisho wa 1993 ilikuwa milioni 23. Mwisho wa 1994 ilikuwa milioni 208. Mwishoni mwa Februari 1995 ilikuwa milioni 827, kiasi kilichozidi mtaji wote wa benki.

Sababu ya kukua kwake haina siri kubwa. Hasara iliyofichwa haina mahali pa kulipiwa. Mwenye nayo hawezi kuomba fedha, hawezi kuikata kidogo kidogo mbele ya watu. Njia pekee inayombakia ni kucheza tena kwa dau kubwa zaidi akitumaini siku moja ya bahati itafuta yote. Na hiyo siku ilikuja! Leeson anasimulia kwamba katikati ya mwaka 1993 soko lilimgeukia vizuri na 88888 ikarudi karibu na sifuri. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Baada ya muda mfupi alikuwa ndani tena, kwa sababu alikwishazoea kuonekana hodari, na wateja walikuwa wakipewa bei nzuri ambazo mtu mkweli asingeweza kuzitoa.

Sasa tugeukie wakubwa. Mwaka 1994 vitabu vilionyesha kwamba Leeson ameiingizia benki faida ya pauni milioni 28.5. Ukweli ni kwamba mwaka huo peke yake alipoteza kama milioni 185. Kwa ile faida ya karatasi alipangiwa bonasi ya pauni 450,000. Hebu jiulize: biashara ya kununua chungwa Tanga na kuliuza Kariakoo kwa saa ile ile, biashara ambayo kila dalali wa Osaka na Singapore anaiona, iliwezaje kuzaa faida ya namna hiyo? Kama kweli ingekuwa na faida hiyo, wengine wangeijaa kama nzi, na tofauti ya bei ingekwisha. Mtu yeyote wa sokoni angeuliza. Sokoni Osaka na Singapore madalali wa kampuni nyingine waliulizana. Ndani ya Barings aliyeuliza alijibiwa kwamba kijana ana kipaji.

Pia biashara isiyo na hatari haili mtaji. Hii ilikula. Kila jioni soko hudai amana ya dhamana kwa mikataba inayoelekea kubaya, na Singapore iliagiza fedha London kila mara. Leeson alieleza kwamba fedha ni kwa ajili ya wateja. London ilituma, ikatuma tena, hadi mamia ya mamilioni ya pauni, bila mtu kuketi na kulinganisha jina la mteja na kiasi alichokopeshwa.

Tena kijana huyu alikuwa na funguo zote mbili. Alisimamia ukumbi wa biashara na pia chumba cha hesabu kinachohakiki biashara hiyo. Ni kumpa muuzaji wa duka kazi ya kuuza, kushika sanduku la fedha, kuandika daftari na kuhesabu mali iliyobaki, kisha wewe mwenye duka unasubiri nyumbani akuletee faida. Wakaguzi wa ndani wa Barings waliliona jambo hili mwaka 1994 na kuliandika, wakapendekeza kazi zigawanywe. Karatasi ilifika ofisini. Ugawaji haukufanyika.

Januari 17, 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe nchini Japani na kuua maelfu ya watu. Leeson alikuwa amewekea dau kwamba soko la Tokyo litatulia. Jumatatu ya Januari 23 kipimo cha Nikkei kilishuka kwa pointi zaidi ya 1,000. Alichofanya ni kununua zaidi, kana kwamba mtu mmoja anaweza kulisimamisha soko la Japani kwa mabega yake.

Katika siku hizo hizo ndipo kisa kinapofikia pahala pa kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Wakaguzi wa hesabu waliona pengo la yeni bilioni 7.78. Leeson akasema ni fedha zinazodaiwa kwa kampuni moja ya New York. Wakaomba ushahidi. Kijana akachukua mkasi na gundi, akakata saini kutoka barua nyingine, akabandika, akanakili, akazipeleka karatasi ofisini kwake kwa faksi ya nyumbani. Juu ya karatasi mashine ikachapa kwa uaminifu jina la mtumaji: Nick na mkewe. Barua ya mdaiwa wa New York ilikuwa imetoka sebuleni kwa Leeson, na karatasi yenyewe ilisema hivyo. Wakaguzi wakaipokea. Hesabu zikapita.

Tunacheka, lakini tusimcheke mkaguzi peke yake. Alipokea kile ambacho kila mtu juu yake alitaka kupokea. Kuikataa karatasi ile kulimaanisha kuisimamisha mashine ya faida, kuzuia bonasi za mwaka, na kuwaambia wakubwa wa London kwamba nyota yao ni taa ya mafuta. Mara nyingi ofisini uongo haumdanganyi mtu. Humpa tu nafasi ya kutouliza.

Alhamisi Februari 23 Leeson aliondoka Singapore, akaacha karatasi ya kuomba radhi. Jumapili Februari 26 Barings ikatangazwa muflisi. Machi 2 alikamatwa uwanja wa ndege wa Frankfurt, na Desemba mwaka huo mahakama ya Singapore ikamhukumu miaka sita na nusu. Alitoka mwaka 1999. Baadaye aliandika vitabu na kulipwa kuhutubia mikutano ya wafanyabiashara juu ya udhibiti wa hatari.

Na nani alilipa? Wafanyakazi wengi wa Barings walilipwa bonasi zao za mwaka 1994 baada ya ING kukubali, ingawa faida iliyozizaa haikuwapo. Walioachwa mikono mitupu ni wenye hatifungani za pauni milioni 100 ambazo Barings iliziuza mwanzoni mwa mwaka 1994 kwa riba ya asilimia 9.25. Wengi wao walikuwa waweka akiba wa kawaida, watu waliovutiwa na jina kongwe na riba nono. Walinunua wakati shimo la Singapore tayari limekwisha chimbwa, wakakaa miaka wakifuatilia kilichobaki kwa wafilisi. Hawakuwahi kuingia katika ukumbi wa SIMEX.

Wapo watakaosema kisa hiki ni cha zamani na kompyuta za leo haziruhusu. Mwaka huo huo wa 1995 mfanyakazi wa benki ya Daiwa ya Japani mjini New York aliungama kwamba amepoteza dola bilioni 1.1, mwanzo wake ulikuwa hasara ya dola 70,000 aliyoifichia miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2008 benki ya Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya yuro bilioni 4.9. Mwaka 2011 ikawa zamu ya UBS, dola bilioni 2.3. Mashine zilibadilika. Hofu ya kusema "nimekosea" haikubadilika, wala hamu ya bosi ya kusikia "tumepata."

Maoni ya safu hii, basi, ni haya. Kwanza, mwenye biashara awe na adhabu ndogo kwa kosa linalosemwa siku ile ile, na adhabu kubwa kwa kosa linalofichwa. Ukimfukuza karani kwa upungufu wa elfu kumi aliokuja kuusema mwenyewe, wenzake wote wamepata somo: wakati ujao wasikuambie. Huo ndio wakati 88888 yako inapofunguliwa, na wewe ndiye uliyeifungua.

Pili, anayeuza asiwe anayehesabu. Hata kwenye duka lenye watu wawili, mmoja auze na mwingine ahakiki mali. Ukiwa na mtu mmoja tu, hesabu mwenyewe, tena siku asiyoitarajia. Mtumishi asiyechukua likizo kamwe asisifiwe upesi. Huenda yupo kwa sababu daftari haliwezi kuachwa na mtu mwingine.

Tatu, faida ichunguzwe kama hasara. Tawi likileta fedha kuliko linavyostahili kwa aina ya biashara yake, ndilo la kutembelewa kwanza.

Nne, kwa mwenye hisa na hatifungani: umri wa jina si dhamana. Soma ripoti ya mwaka. Tafuta faida inatoka sehemu gani, na kama sehemu hiyo inaeleweka. Ikiwa sehemu ndogo ya kampuni inaleta faida kubwa na pia inameza fedha nyingi, simama kwenye mkutano mkuu uulize. Taarifa ya akaunti yako ya hisa ichukue kutoka ofisi inayotunza kumbukumbu, usitosheke na karatasi ya dalali. Ukijibiwa kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno, umekwisha jibiwa, uza.

Barings ilidumu miaka 233. Pauni 20,000 ingelizilipa kwa fedha za vijisenti, siku ile ile, na habari zake tusingezisikia.