Mfumo Haukatai

Wanafunzi wangu, leo naanza na sentensi ya maneno mawili: "Mfumo umekataa." Mmeisikia benki, mmeisikia hospitalini, mmeisikia chuoni siku ya kujiandikisha. Kisarufi haina kasoro. Kiima chake ni mfumo, nomino ya ngeli ya U-I. Kiambishi u- kimepatana nacho. -Me- inaonyesha kwamba jambo limekwisha kutimia. Mwanafunzi akiniandikia sentensi hii katika mtihani nitampa alama zote. Hata hivyo leo naishtaki, kwa sababu inasema uongo kwa sarufi safi.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja, ambaye mtaani sote tunamwita Jaja kama tunavyowaita bibi zetu hapa Buganda, aliniomba nimsindikize kwenye chama chake cha kuweka na kukopa. Alitaka kutoa fedha zake mwenyewe akanunue dawa za shinikizo la damu. Karani akamwomba aweke kidole kwenye kimashine cha kusomea alama. Taa nyekundu. Kidole cha pili, taa nyekundu. Vikajaribiwa vyote kumi. Jaja ameshika jembe kwa zaidi ya miaka hamsini, na ncha za vidole vyake zimesuguliwa zikawa laini kama kokoto za mtoni. Karani, kijana mwenye adabu zake, akainamisha kichwa na kusema, "Jaja, mfumo umekataa. Tafadhali rudi wiki ijayo." Alisema kwa Kiganda, natafsiri mimi.

Kijana yule amemjua Jaja tangu akiwa mtoto wa shule. Katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeshuku kwamba aliyesimama dirishani ndiye mwenye akaunti. Sote tulijua, na kujua kwetu hakukuwa na thamani yoyote. Jaja akarudi nyumbani, akavikata nusu vidonge vilivyobaki ili vimfikishe wiki ijayo.

Najua kuna atakayenipinga kwa hoja ya lugha: "Mwalimu, mbona tunasema gari limekataa kuwaka, mlango umekataa kufunguka?" Tunasema, na ni Kiswahili kizuri. Lakini gari halidaiwi jibu na mtu. Ofisi inadaiwa. Kukataa ombi la mtu ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Yupo aliyekinunua kile kimashine. Yupo aliyeandika kanuni kwamba pasipo alama ya kidole hapana fedha. Yupo pia ambaye hakufikiria, au alifikiria akaona si kitu, kwamba wakulima wazee wengi hawana tena alama zinazosomeka. Sentensi yetu inawafuta wote hao, inakiweka kiima kisicho na uso, kisha inamwacha karani asimame mbele yake kama mfiwa, naye pia apewe pole.

Wauzaji wa mifumo hii hutuambia kwamba inaleta uaminifu katika taasisi, kwa kuwa mashine haina ndugu wala haipokei rushwa. Zamani chama cha Jaja kilitumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Utaratibu huo ni maarufu katika vikundi vya akiba vijijini. Ulianzia Niger mwaka 1991 katika vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na salio hukaririwa ili mkutano ujao kila mtu alikumbuke. Asiyejua kusoma anajua kusikia. Sisemi turudi kwenye sanduku. Masanduku huibwa, na nyumba huungua. Nasema tu kwamba uaminifu wa sanduku lile haukutoka kwenye chuma chake. Ulitoka katika ukweli kwamba hakuna lililotendeka ambalo mwanachama hakuliona, na hakuna "hapana" iliyotamkwa bila mdomo wa mtu.

Anayedhani nasumbuliwa na mambo ya vijijini na atazame Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la huko liliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na mawakala, watu wenye viduka vidogo, waliofunga hesabu zao kwa kompyuta kila jioni. Kompyuta ikaanza kuonyesha fedha zimepungua. Wakala akipiga simu kuomba msaada, wengi walijibiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Walikuwa mamia. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, kwa ushahidi uliotoka katika mfumo huo. Wengine waliuza nyumba kulipa deni ambalo halikuwapo. Mwanamke mmoja mjamzito alihukumiwa kifungo mwaka 2010. Wako waliojiua.

Tazameni jinsi ilivyowezekana. Sheria ya huko iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka utolewe ushahidi wa kinyume. Ushahidi wa kinyume ulikuwa wapi? Ndani ya mfumo, mikononi mwa mshtaki. Mawakala waliambiwa kwamba hakuna awezaye kuzigusa hesabu za tawi kutoka mbali. Ilikuja kubainika kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza. Ilimlazimu wakala mmoja, Alan Bates, aliyenyang'anywa tawi lake mwaka 2003, kukusanya wenzake hadi wakafika 555 na kwenda mahakamani. Desemba 2019 jaji akaamua kwamba Horizon ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha mapungufu yale, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39 kwa siku moja. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria kufuta mamia ya nyingine. Kwa miaka ishirini taasisi kubwa ilimwamini mtumishi mmoja tu, na mtumishi huyo hakuwa mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodai kwamba teknolojia na uaminifu ni vitu viwili visivyokutana. Vinakutana, na mfano uko kwa jirani zetu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais. Miongoni mwa sababu ni kwamba mahakama iliagiza tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe, na tume haikutii agizo hilo kikamilifu. Majaji waliona kwamba mwenye kukataa kufungua hawezi kutaka aaminiwe. Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, tume iliweka picha za Fomu 34A, yaani matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Vituo vilizidi 46,000. Magazeti yakajumlisha, vyama vikajumlisha, na mwanafunzi mwenye simu angeweza kuketi bwenini akajumlisha.

Je, ugomvi uliisha? Hata kidogo. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, na kesi ikafika mahakamani. Lakini safari hii, yalipotolewa madai kwamba picha zimechezewa, palikuwa na cha kulinganisha: fomu za karatasi kwa upande mmoja, picha zilizoonwa na umma kwa upande wa pili. Mahakama ililinganisha, haikukuta tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba ikayathibitisha matokeo kwa kauli moja. Mashine ile haikuwaambia Wakenya wanyamaze kwa kuwa imekwisha kuhesabu. Iliwapa wahesabu wenyewe. Ni lile sanduku la kufuli tatu, ila mkutano umekuwa wa nchi nzima.

Kwa hiyo chama, benki, hospitali au wizara inayotaka niuamini mfumo wake naidai mambo ambayo hata kikundi cha wanawake wa Niger kiliyajua. Nionyeshwe kumbukumbu zangu bila kuomba. Kila "hapana" iwe na jina na cheo cha mtu aliyeitoa, pamoja na mlango wa kukata rufaa ulio wazi saa za kazi. Na mashine inapotofautiana na watu wanaonijua, wanaonijua wasikilizwe, ushuhuda wao uandikwe na wauwekee saini. Hilo la mwisho litawakera wahandisi, ambao hupenda kusema kwamba binadamu ndiye chanzo cha makosa. Ndiye kweli. Lakini ndiye pia mtu ambaye tunaweza kumuuliza.

Wiki iliyofuata mimi na Jaja tulirudi. Vidole vikajaribiwa tena, taa ikawa ile ile, na kijana akaanza sentensi yake. Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nani amekataa?" Akanyamaza. Nikauliza mara ya pili, naye akaingia chumba cha ndani na kurudi na meneja, mama mtu mzima aliyempigia Jaja magoti kumsalimu. Meneja akafungua kabati, akatoa fomu ya wanachama wasiosomeka vidole: mashahidi wawili na saini yake mwenyewe. Kwa dakika kumi Jaja alikuwa na fedha zake mkononi. Fomu zile zilikuwamo kabatini tangu siku mashine iliponunuliwa, bado zimefungwa kwa ukanda wa kiwandani. Karani hakuwa ameambiwa kwamba zipo.