Nani Yuko Zamu Bwenini?

Mtoto wa Kihadzabe wa miaka saba anajua mbuyu upi umeanza kudondosha matunda na mzizi upi unachimbika kwa kijiti. Akimsikia mlembe akipiga kelele vichakani, anajua kuna asali. Watafiti waliokaa miaka mingi kando ya Ziwa Eyasi walipima wakakuta watoto wa umri huo hujitafutia wenyewe sehemu kubwa ya chakula cha siku. Januari ikifika, mtoto huyu anapelekwa shule ya bweni, na kufumba na kufumbua anageuka mtu asiyejua kitu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Kengele inagongwa, wenzake wanakimbia, naye hajui wanakimbilia wapi. Jioni giza linapoingia, mama hayupo.

Wahadzabe ni watu elfu moja na kidogo tu, waliotawanyika Mbulu, Karatu, Meatu na Mkalama. Kambi zao huhama kufuata chakula, kwa hiyo shule ya kutwa haiwafikii wengi. Ndiyo maana wito wa makala haya si kwamba mabweni yafungwe. Wazazi wanataka watoto wasome, na wana sababu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ililitaka bonde la Yaeda, na kelele za waliopinga ndizo zilizoifanya irudi nyuma. Miaka minne baadaye Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya kimila ya ardhi. Jamii inayoishi kwa karatasi kama hizo inahitaji watu wake wa kuzisoma.

Tatizo ni usiku.

Mchana shule ina macho mengi. Mwalimu mkuu yupo, afisa elimu kata anapita, wathibiti ubora wanakuja na madaftari yao kuhesabu madawati na kukagua maandalio ya masomo. Saa kumi na mbili jioni wote wamekwenda makwao. Kuanzia hapo hadi alfajiri, nusu nzima ya maisha ya mtoto wa bweni, ubora wa shule unategemea mambo ambayo hayana safu kwenye fomu: kama matroni yupo au amesafiri, kama mtoto aliyekojoa kitandani anabadilishiwa shuka au anachekwa, kama wakubwa wanawanyang'anya wadogo chakula, kama anayeugua saa nane usiku ana lugha ya kumwambia mtu. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haikupigiwa hesabu kwa ajili ya saa hizo.

Serikali yenyewe imekiri kwamba umri huu ni mdogo mno kwa bweni. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2023 ulipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mijini wazazi walilalamika, kisha wakatafuta shule za kutwa na magari ya kuwachukua watoto. Mtoto wa kambi ya porini hana njia hiyo. Yeye ndiye anayebaki kwenye kibali maalumu. Basi na malezi yake yawe maalumu.

Kupelekwa mahali na kutoroka si jambo geni kwa Wahadzabe. Katikati ya miaka ya 1960 walikusanywa kwa nguvu Yaeda Chini. Maradhi yakawaingia, wengi wakafa, waliobaki wakarudi porini. Tangu watoto wao waanze kupelekwa bwenini, kutoroka kumekuwa jambo la kawaida, wengine wakitembea umbali mrefu kurudi kambini. Kwenye rejista hilo huandikwa utoro, na shauri linaishia hapo. Ila mtoto anayekatiza pori lenye fisi kukimbia godoro na ugali ametoa ripoti ya ukaguzi kamili kuliko yoyote iliyoko wilayani.

Ripoti peke yake haimwokoi mtoto. Mwaka 1907 daktari wa serikali ya Kanada, Peter Bryce, aliandika kwamba watoto wa wenyeji walikuwa wakifa kwa kifua kikuu katika shule za bweni, kwenye vyumba visivyopitisha hewa. Habari ilitoka magazetini Ottawa. Wasomaji wakasoma, wakageuza ukurasa. Shule ya mwisho ya mfumo huo ilifungwa miaka ya 1990, baada ya watoto wapatao 150,000 kupita humo. Shule zile zilianzishwa kufuta lugha na mila. Za Eyasi hazikuanzishwa kwa nia hiyo, na si haki kuzilinganisha kwa nia. Kinachofanana ni yule msomaji wa gazeti.

Kwa hiyo wito unaanzia karibu. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Mwanakijiji yeyote, awe Mhadzabe, Mwiraqw, Mdatoga au Mnyisanzu, anaweza kudai bweni liwe ajenda. Kamati ya shule nayo iende bwenini saa tatu usiku, bila taarifa, ijaribu mlango kama unafunguka kutoka ndani. Moto ulioua watoto 10 bwenini wilayani Kyerwa, Septemba 2020, unatosha kuwa sababu.

Jambo linalohitaji fedha ni moja: mtu mzima wa Kihadzabe aajiriwe mlezi wa bweni, mama au bibi anayezungumza Kihadzane, lugha yenye vidoko ambayo mwalimu mgeni hawezi kujifunza kwa muhula mmoja. Cheti cha kidato cha nne kisiwe kikwazo kwake. Vijiji vya bonde la Yaeda vinapata mapato ya hewa ya ukaa kwa kulinda misitu yao. Kampuni za utalii za Karatu zinapeleka wageni kambini kila siku ya msimu, wakapige picha na kujaribu upinde. Mshahara wa bibi mmoja hauwezi kuwashinda hao wote wakichanga. Walimu wanaopangiwa huko waanze na salamu tu, *mtana*. Mtoto aliyesalimiwa kwa lugha ya mama yake ana sababu ya kuamini kwamba hapa pia kuna watu.

Wengine walio mbali, Dodoma au Dar es Salaam, wanao wabunge na simu. Wilaya zenyewe ni nne tu, na mabweni yenye watoto hawa ni machache kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuyafuatilia yote. Swali la kuuliza ni fupi: usiku wa leo, nani yuko zamu? Jina lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kijacho, pamoja na jina la atakayeshika zamu akiugua.